Ncha ya Upinde Ndiyo Inayochagua Upote

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa wapiga upinde wa asili. Tumeiandika yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.)

Wazee wetu, akina mama, vijana, wachongaji na wapigaji, hamjambo?

Leo tunazungumzia upote. Ndiyo, huo ugwe tu wa upinde. Naona baadhi yenu mnatabasamu, na ninajua kwa nini. Upinde mtu ataukwangua miezi mitatu. Mishale ataikagua mmoja mmoja juani. Ikifika zamu ya kamba, anaangaza macho huku na huku na kuuliza, "Kuna kamba hapo?" Kamba ni kamba, sivyo?

Haya, tumfuate huyo wa kamba ni kamba. Amemaliza upinde wake wa kwanza, ratili 40, yaani kilo 18 hivi ukiuvuta mpaka mwisho. Amepata kamba ya nailoni iliyosukwa, nyembamba, ya kuaminika. Ukiifunga kwenye dari inabeba mtu mzima. Anaivisha. Kesho yake inaning'inia. Anaikaza. Mishale kumi baadaye inaning'inia tena. Mshale unaondoka kama umelazimishwa, na kamba inamchapa kifundo cha mkono. Sasa analalamika kwamba mti aliouchagua ni mbovu. Jamani, mti una kosa gani?

Nailoni huvutika sana: asilimia 15 hadi 30 ya urefu wake kabla haijakatika. Mikono ya upinde, yaani zile pande mbili zinazopinda juu na chini ya mshiko, ikikimbia mbele, badala ya nguvu yote kwenda kwenye mshale, sehemu yake inaishia kuirefusha kamba. Kwa hiyo tukisema kamba "ina nguvu" bado hatujasema kitu. Kuna nguvu ya kutokatika. Kuna kuvutika na kurudi. Kuna na kurefuka bila kurudi, kamba inayozidi kuwa ndefu siku baada ya siku. Hayo ni mambo matatu, na kila aina ya uzi ina yake katika kila moja. Tuyatenganishe vichwani kabla hatujaendelea.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta. Watu wakichagua upote huuliza kwanza, "Upi una kasi?" Mimi naomba muulize kwanza ncha za upinde wenu. Ncha ndizo zinazobeba pigo. Ncha ndizo zinazokatwa. Ncha ndizo zinazosema ndiyo au hapana.

Fikirini kinachotokea mkiachia. Mikono ya upinde inakimbia mbele, mshale unasukumwa, halafu ghafla upote unanyooka na kuwaambia wote: simameni. Nguvu iliyobaki, ambayo mshale haukuichukua, itaenda wapi? Upote ukiwa wa poliesta, ule tunaouita Dacron, unavutika kidogo na kulimeza pigo. Ukiwa wa Dyneema au jamaa zake, zile polithini za molekuli ndefu zilizoingia kwenye upigaji upinde miaka ya 1980, hauvutiki karibu hata kidogo. Mshale unapata nguvu zaidi, hilo ni kweli, futi kadhaa kwa sekunde. Lakini pigo lililobaki linakwenda moja kwa moja kwenye ncha, likipitia kwenye kitanzi chembamba, kigumu, kinachokaa juu ya mbao kama waya juu ya sabuni.

Chukueni mfano wa mtu aliyepata rikavu, ule upinde wenye ncha zilizopinda kwenda mbele, ya zamani, ya tabaka za mbao na fibaglasi, iliyotengenezwa enzi za Dacron. Inang'aa. Haina ufa. Anaivisha upote wa Dyneema wa nyuzi chache, kwa sababu ndio wa kisasa. Wiki ya kwanza anafurahia kasi. Wiki ya tatu anasikia mlio mpya, kama mtu amekanyaga kijiti kikavu. Akitazama ncha ya juu anaona mstari mwembamba unaoanzia kwenye mchongo wa kamba na kuteremka kati ya tabaka mbili. Hapo hakuna gundi itakayomwokoa. Ncha za enzi hizo hazikuongezewa tabaka za kuhimili kamba isiyovutika. Fundi aliyezitengeneza hakuwa na kamba ya namna hiyo akilini.

Kwa hiyo upinde wa fibaglasi uliotengenezwa kabla ya miaka ya 1990 hupewa Dacron, mpaka fundi wake athibitishe vinginevyo. Wa baada ya hapo, soma lebo yake kwenye mkono wa upinde, au uliza kiwanda. Kuna wanaosema, "Nitaongeza nyuzi kwenye vitanzi, viwe vinene, visikate." Hiyo inasaidia kwa kukata. Kwa pigo haisaidii kitu. Mimi nisingemshauri mtu afanye hivyo kwa upinde wa kale, na najua wapo humu ndani wasiokubaliana nami. Tutazungumza nje.

Je, upinde wa kipande kimoja cha mti? Hapa nawaomba mtumie kucha zenu. Vueni upote, shikeni ncha karibu na mwanga, pitisheni ukucha taratibu ndani ya mchongo, kutoka ubavuni kwenda tumboni mwa upinde, upande unaomtazama mpigaji. Mchongo usio na kasoro ni laini, mviringo, unang'aa kidogo kwa kusuguliwa. Ukucha ukikwama kwenye mstari mkali, kama alama ya kisu, upote umeanza kula mti. Mkiona nyuzi za mbao zimebonyea na kuwa nyeusi, huo ni mti unaopondwa. Mti mlaini usioongezewa kitu nchani, upeni Dacron au kitani. Mkitaka Dyneema, kwanza gundisheni nchani kipande cha pembe au mbao ngumu, mchonge mchongo humo, mviringo, bila kona. Hapo ncha imesema ndiyo.

Kuna waliojaribu kukimbilia kasi kabla yetu, na tunaweza kujifunza kwao. Miaka ya 1970 walioshindana walihama kutoka poliesta kwenda Kevlar, ule uzi wa fulana za kuzuia risasi. Haikuvutika, ilikuwa nyepesi, ilirusha vizuri. Na ilikatika bila kuaga. Kevlar inastahimili kuvutwa lakini haipendi kukunjwa, na pale mshale unaposhika kamba hukunjwa kila mshale unapoondoka. Watu walikuwa wanahesabu mishale na kutupa upote mzima kabla haujawakatikia. Kamba ikikatika upinde ukiwa umevutwa ni sawa na kuachia upinde bila mshale: nguvu yote inarudi kwenye mikono ya upinde. Polithini ilipokuja, Kevlar iliachwa haraka, na sidhani kuna aliyeisikitikia.

Tuseme sasa kuhusu kamba za asili, maana wengi wenu ndizo zilizowaleta.

Mwaka 1991, kwenye barafu ya milima ya Alps, ulipatikana mwili wa mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Mnamjua kwa jina la Ötzi. Alikuwa na upinde mrefu ambao haujakamilika, bado una alama za kuchongwa, na hauna kamba. Ndani ya podo lake kulikuwa na ugwe uliokunjwa vizuri. Waliouchunguza walikuta ni kano za mnyama, na wengi wanaamini huo ndio uliokuwa upote wake. Angalieni alipouweka. Ndani ya podo, umefunikwa.

Kwa nini? Kano ni nguvu ajabu ikiwa kavu. Ikilowa hulainika, huvutika, na misokoto yake huanza kuachana. Mwenye upote wa kano anatazama mawingu kabla ya kutazama shabaha. Ipakwe nta au mafuta, lakini msijidanganye kwamba nta ni koti la mvua.

Na hii habari ya mvua ina kisa chake maarufu. Tarehe 26 Agosti 1346, huko Crécy, Ufaransa, mvua ilinyesha kabla ya vita. Mwandishi wa wakati huo, Jean de Venette, aliandika kwamba kamba za Wagenoa, askari wa kukodiwa wa Ufaransa kutoka Italia, waliobeba pinde za kifyatulio zililowa zikawa hazifai, na kwamba Waingereza walizivua za kwao na kuzificha. Wanahistoria wanabishana juu ya kisa hicho mpaka leo, na wana sababu, kwa kuwa uzi wa kitani ukilowa haupungui nguvu, unaongezeka. Kinachobadilika ni urefu. Kamba iliyosokotwa ya nyuzi za mimea ikinywa maji hunenepa, na ikinenepa hufupika. Upinde wako unabadilika bila wewe kugusa kitu. Baadaye inakauka, inarefuka tena. Na ukiihifadhi ikiwa na unyevu, inaoza ndani ambako huoni.

Kitani basi kinafaa sana kwa upinde wa mti: hakivutiki ovyo, ni chepesi, kinatoa sauti nzuri. Ubaya wake ni kwamba hakikuonyi. Dacron ikichoka huota manyoya na uzi mmoja mmoja hukatika ukiuona. Kitani kinaweza kuonekana kizima asubuhi na mchana kimekatika kwenye kitanzi. Hariri nayo ilikuwa kamba ya Waturuki wa Osmani kwa pinde zao fupi za pembe na kano, na kamba nzuri tu, lakini kwa leo naipita.

Mnaulizana, nyuzi ngapi za kitani? Msikisie. Pimeni. Chukueni uzi mmoja, uzungusheni mara kadhaa kwenye kijiti laini juu na kwenye mpini wa ndoo chini; msiufunge fundo, maana fundo hudhoofisha uzi na mtapima fundo badala ya uzi. Mimineni maji taratibu kwa kikombe cha kipimo. Lita moja ni kilo moja, na ndoo yenyewe ipimwe pia. Rudieni mara tano, mchukue matokeo ya chini kabisa. Tuseme uzi umekatika kwenye kilo 6. Upinde wenu ni kilo 18. Kanuni ya chini ni upote ubebe mara nne ya nguvu ya upinde, hiyo ni kilo 72. Kwa kamba ya kusokota kwa mkono mimi naenda mara tano hadi sita, kwa sababu mkono hausokoti sawasawa na nyuzi hazigawani mzigo kwa haki. Mara tano ni kilo 90, nyuzi 15. Wekeni 18, mafungu matatu ya nyuzi sita, mlale usingizi.

Sasa kuna kijana makini atasema: uzi mmoja wa Dacron unabeba takriban ratili 50. Upinde wangu ni ratili 45. Mara nne ni 180. Kwa hiyo nyuzi nne zinatosha! Hesabu yake ni sahihi. Upote wake ni mbovu. Kwa nini?

Kwa sababu nyuzi nne za Dacron zitavutika kama mpira. Kwa sababu kitanzi cha nyuzi nne kitakuwa kisu. Kwa sababu uzi mmoja ukikatika amepoteza robo ya kamba. Na kwa sababu mshale hautashika. Ndiyo maana kwa Dacron tunatumia nyuzi 10 kwa pinde zisizozidi ratili 35, 12 mpaka 45, 14 mpaka 55, na 16 kwa zinazozidi hapo. Dyneema uzi mmoja una nguvu zaidi, wengi wanatumia nyuzi 8 mpaka 12, lakini vitanzi viongezewe nyuzi fupi mpaka vifike unene wa kamba ya Dacron. Kamba nyembamba katikati, nene mwishoni.

Uzito wa kamba una maana gani kwa kasi? Ipo kanuni nyepesi kukumbuka: theluthi moja ya uzito wa upote huhesabika kana kwamba mshale ndio umebeba. Ukipunguza gramu 3 kwenye upote, ni kama umepunguza gramu 1 kwenye mshale. Hiyo ni kwa uzito ulioenea kamba nzima. Kitu ulichoweka katikati kabisa, kama uzi mzito wa kuviringia, ule unaozungushiwa kamba pale mshale unaposhika, kinahesabika karibu chote. Basi vile vishungi vya manyoya vya kuzima kelele visikae katikati. Vipelekeni karibu na robo ya urefu kutoka kila ncha.

Nimesema mshale hautashika. Hapa tuzame kidogo. Meli ya Mary Rose ilizama mwaka 1545, ikainuliwa mwaka 1982, na ndani yake zilikutwa pinde ndefu zaidi ya mia moja na mishale maelfu. Kamba hazikusalia. Tunajuaje basi unene wa kamba zao? Mishale imetuambia. Pengo la mkia wa mshale, pale panaposhika kamba, lina upana wa milimita 3 hivi. Kwa hiyo kamba zilizovuta pinde nzito kupita kiasi, nyingi zikikadiriwa kuzidi ratili 100, zilikuwa na unene wa milimita 3 tu pale katikati.

Ninyi pia pengo la mshale wenu ndilo kipimo. Pachikeni mshale kwenye upote uliovishwa, uacheni uning'inie ukielekea chini. Ukae. Sasa gongeni upote kwa kidole kimoja, pa, sentimita chache kutoka kwenye mshale. Udondoke. Usipokaa kabisa, siku moja utadondoka mnapovuta, mtaachia bila mshale, na upinde unaweza kuvunjika. Ukigoma kudondoka, unabana, na mshale utatoka umekasirika, kila mmoja na njia yake. Marekebisho hayafanywi kwa kupanua pengo kwa kisu! Badilisheni uzi wa kuviringia, mnene au mwembamba zaidi. Viringeni kutoka sentimita 5 juu ya mahali pa mshale mpaka sentimita 10 chini yake. Kwa Dacron nailoni inatosha. Kwa Dyneema, ambayo inateleza, tumieni uzi uliosukwa wa polithini, la sivyo viringo litatembea.

Kusokota vitanzi au kuzungusha uzi mmoja usio na mwisho? Kwa upinde wa asili nachagua kusokota. Unene kwenye vitanzi unakuja wenyewe, na urefu unarekebishika kirahisi. Nyuzi ziwe ndefu kuliko upinde kwa sentimita 60 hivi, miisho isiishe mahali pamoja bali ipishane, vinginevyo kamba itakuwa na bega la ghafla na hapo ndipo itakapokatika. Pakeni nta. Alama sentimita 20 kutoka mwisho. Kila fungu lisokoteni kwenda mbali nanyi, kisha livusheni juu ya jenzake kuja kwenu. Vuta, sokota, vusha. Mkiwa na sentimita 7 za msokoto, zikunjeni ziwe kitanzi cha juu, unganisheni mikia na mafungu yake, endeleeni mpaka mikia iishe. Kitanzi cha chini kiwe kidogo zaidi. Cha juu kinahitaji nafasi ya kuteremka kwenye mkono wa upinde.

Na hili limewasumbua wengi: misokoto mtakayoongeza baadaye ili kuufupisha upote iende upande uleule wa vitanzi. Mtu anasokota kinyume, anashangaa vitanzi vinafunguka polepole mbele ya macho yake. Msisokote upote ukiwa umevishwa. Vua, sokota mizunguko mitatu, visha, pima.

Mpime nini? Kutoka ndani kabisa ya mshiko mpaka kwenye upote. Upinde mrefu anzeni na sentimita 15 mpaka 18, rikavu 19 mpaka 22. Ikiwa fupi mno upinde unapiga kelele na kamba inachapa mkono. Ikiwa ndefu mno mnaupunguzia mshale njia ya kusukumwa na mnaichosha mikono ya upinde bure. Pandisheni nusu sentimita kila mara na sikilizeni. Upinde wenyewe utawaambia: sauti inatoka kwenye "twaang" inakuja kwenye "tup".

Urefu wa kuanzia, kwa wale wanaonunua: upote wa upinde mrefu ni inchi 3 pungufu ya urefu ulioandikwa kwenye upinde, wa rikavu inchi 4. Rikavu ya inchi 66, upote wa inchi 62.

Upote mpya acheni umevishwa saa kadhaa, pigeni mishale 50 hadi 100, pimeni tena. Utakuwa umerefuka. Si ubovu, nyuzi zinatafuta mahali pa kukaa. Ukiendelea kurefuka wiki baada ya wiki, hapo ndipo pana tatizo, na kwa Dyneema mshukiwa wa kwanza ni joto. Upinde uliovishwa ndani ya gari lililofungwa juani hurefusha kamba hiyo polepole, nayo hairudi.

Nta ipakeni manyoya yakianza kuonekana, sugueni kwa kipande cha ngozi mpaka mhisi joto, na msiipake juu ya viringo la katikati. Uzi mmoja ukikatika, upote huo umestaafu, hata kama ni mpya.

Na wa akiba? Msiweke mfukoni upote ambao haujawahi kupigwa. Uvisheni, upigeni mishale hiyo mia, upimeni, muweke alama mahali pa mshale. Kisha vueni bila kuachia misokoto ifunguke: unganisheni vitanzi viwili kwa kiuzi, fungeni karatasi yenye jina la upinde, kipimo cha mshiko na idadi ya misokoto, halafu muuweke ndani ya podo, umefunikwa.

Haya, nani alikuwa na swali kuhusu kano?